Bega la Kushoto

Jumamosi hiyo mtaa wa Kamalondo ulikuwa umefurika, kama ilivyo kila msimu wa ndoa. Mafundi walikuwa wametoa vyerehani hadi barazani, vipande vya vitenge vimetapakaa chini, na muziki wa baa tatu ulikuwa unagombania barabara moja. Katikati ya vurugu hiyo alisimama msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa gauni la kijani lililompendeza na viatu vya kamba, kitambaa amekibana kwapani, na hataki kabisa kuingia mahali alipotumwa kuingia.

Aliitwa Mwenya. Nyumbani kwao Katuba walimwita Kiki. Duka lililokuwa mbele yake alikuwa amelikwepa kwa miaka miwili. Akiwa na shida Kamalondo alikuwa radhi azunguke mtaa wa nyuma na kukanyaga matope, ilimradi fundi mwenye duka, Mzee Mbuyi, asimwone na kumwita kwa sauti yake ile ya kanisani: "Binti, blouse yako iko tayari!" Lakini rafiki yake Précieuse alikuwa anaolewa, sare za ndoa zilikuwa zinashonwa hapo hapo na si kwingine, na bibi harusi wa Lubumbashi akishaamua mambo ya sare, nani wa kumpinga? Mwenya akavuta pumzi, akaingia.

Mzee Mbuyi hakuwepo. Alikuwepo kijana mmoja mfupi, mpana wa kifua, tepu ya kupimia imening'inia shingoni na pini nne zimebanwa mdomoni, amezingirwa na akina mama ambao wote walikuwa wa kwanza.

"Mzee Mbuyi iko wapi?" Mwenya aliuliza.

Kijana akazitema pini kiganjani. "Alienda kuikala kwa mutoto yake, ku Likasi. Macho ilichoka. Aliniachia duka, ma-machine, na bamama ya kelele."

"Kelele nani?" mama mmoja alifoka, na duka zima likacheka.

"Mi njo Kakule," kijana alisema. "Na weye?"

"Kiki," alijibu Mwenya haraka, na moyo wake ukatulia. Hakuna aliyemjua hapa. Halafu akainua macho, akaiona. Kwenye msumari, juu ya mlango wa nyuma, ilikuwa imetundikwa blauzi ndefu nyeupe ya uuguzi, na mfukoni imetariziwa kwa uzi wa buluu: *Mwenya, Infirmière*.

"Unafanyaka kazi gani?" Kakule alikuwa anauliza.

"Inakuangalia nini?"

"Haiangalie mi, inaangalia kikwembe," alisema, akikigusa kitenge alichokileta Mwenya. "Mutu mwenye kuinamaka, ninamwachia nafasi ku mugongo. Mwenye kunyanyulaka mikono, ninamwachia ku makwapa. Mwenye kuikalaka tu ku bureau, yeye ninamwachia..." Akapima hewa kwa mikono miwili, upana wa mlango. Akina mama walipiga makofi kwa kucheka.

Hata Mwenya alicheka, na katikati ya kicheko uongo ukamtoka bila shida. "Ninauzisha chikanda. Ku soko ya Katuba."

Hiyo ilikuwa kazi ya mama yake, ambaye tangu ujana alikuwa anaponda mizizi ya porini, anaipika na karanga na pilipili, na kuikata vipande sokoni. Kakule aliamini. Akampima kifua, kiuno, mikono. Alipofika mabegani alisita.

"Bega yako ya kushoto iko chini kidogo. Ulibebaka maji?"

"Tangu butoto. Ndoo moja, mukono moja."

"Si kitu," alisema kwa upole. "Kikwembe njo itafwata bega, haiko bega kufwata kikwembe."

Ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kuzungumza na Mwenya kwa sauti ya namna hiyo.

Sasa tuuseme ukweli, maana Mwenya mwenyewe hakuusema. Alikuwa muuguzi. Alisoma, akafaulu, akaajiriwa katika hospitali moja kubwa ya mjini, wodi ya wanawake. Hapo wauguzi huvaa nyeupe, na wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi, wale waitwao *stagiaires*, huvaa buluu. Mwezi wake wa kwanza, dripu aliyoiweka ilihama mshipani na mkono wa mgonjwa ukavimba. Mkono ulipona upesi, wala mgonjwa hakulalamika. Ila asubuhi, wakati wa kupokezana zamu, Mwenya alilitaja kosa lake mwenyewe mbele ya wote, kama alivyofundishwa shuleni. Mkuu wa wodi, Maman Honorine, akamtazama toka kichwani hadi miguuni, akaenda kabatini, akamtupia blauzi ya buluu.

"Utavaa hii semaine moja," alisema. "Mupaka utajifunza."

Wiki ile moja ikawa miaka miwili. Hakuna aliyemwambia aivue, na yeye hakuuliza. Jina lake likafutika, akawa Stagiaire. "Stagiaire, leta bassin!" "Stagiaire, nani alikuambia uongee?" Waliokuja nyuma yake, wadogo kwake, walivaa nyeupe siku ya kwanza na siku ya pili walikwisha kujua kumtuma. Wengine hawakuwa na roho mbaya. Walicheka kwa sababu wenzao wanacheka, na waliogopa buluu isije ikawageukia wao. Ile nyeupe aliyokuwa ameiagiza kwa Mzee Mbuyi kwa furaha siku alipopata kazi, ikabaki msumarini. Angeichukua aivae wapi?

Na lililo baya zaidi, alianza kuwaamini. Maman Honorine akisimama karibu, mkono wa Mwenya ulitetemeka, na ulipotetemeka alijiambia kuwa wana haki, mimi si muuguzi. Kila jioni, kabla ya kutoka, aliivua ile buluu chooni, akaikunja, akaizika chini kabisa ya mkoba ili mama yake asiione.

Basi simu zikaanza.

"Allô, Mama Chikanda?"

"Nani anaongea?"

"Fundi yako. Ninapima kama libaya yako ya mariage iko bulongo, kama inakukaa muzuri."

"Ku téléphone?"

"Ndiyo. Sauti yako inapumua muzuri. Haikubane."

"Weye uko mujinga, unajua?"

"Mujinga mwenye kukukumbuka, chérie. Chakula ulikula?"

"Bukari na sombe. Na weye?"

"Miye nilikula uzi. Bamama ya mariage beko juu ya shingo yangu. Kuya unione, pengine kesho nitakuwa nimekufa."

Alikwenda, akamkuta mzima kabisa na ametengeneza nafasi kwenye benchi. Akaenda tena. Ikawa akitoka zamu ya asubuhi, miguu inajua yenyewe njia ya Kamalondo. Kakule alikuwa mtu wa Butembo, huko Kivu ya Kaskazini. Kaka yake Godefroid, mwenye duka la vitenge vya jumla mjini na nyumba nzuri mtaa wa Golf, alimwita aje amsaidie kuuza. Kakule akauza, lakini alichoka kugusa vitambaa ambavyo hatavishona. Siku alipoondoka kwenda kwenye cherehani, kaka yake alicheka mpaka akashika meza.

"Alisema, 'Mutu ya kwetu kushonea bamama magauni?'" Kakule alisimulia, naye akicheka. "Batu ya kwetu banauzaka, habashonake."

"Hapa tunasemaka muntu, haiko mutu," Mwenya alimtania, kwa sababu aliona kuwa kicheko kile kinamuuma.

"Basi nifundishe, muntu yangu."

Alasiri moja mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu na hakuna mteja aliyethubutu kutoka. Walikuwa wanakula michopo ya mbuzi juu ya karatasi, pilipili imewatoa jasho. Kakule akajifuta mikono, akaishusha ile blauzi nyeupe kutoka msumarini.

"Hii inanisumbuaka," alisema. "Mzee Mbuyi alikuwa fundi mukubwa, lakini hii siku alilala. Angalia: bega moja iko chini. Mwenyewe akikuya, atasema batu ya hapa habajue kazi."

Mwenya aliacha kutafuna. "Wacha tu. Pengine mwenyewe hatakuya."

"Atakuya. Mutu akitia jina yake na kazi yake ku mufuko, hawezi kusahau."

"Pengine alishaacha kazi."

"Basi atakuya kuikamata juu ya souvenir." Akachukua wembe. "Nitamutengenezea, anikute na heshima."

Mwenya alifungua mdomo. Maneno yenyewe yalikuwa machache, *ile njo yangu*, hata mtoto angeyasema. Lakini nyuma yake yangefuata maswali. Mbona hauivae? Unavaaka nini? Bananiitaka nani? Akaufunga mdomo na kuchukua kipande kingine cha nyama asichokihitaji. Kakule alikata uzi, bega likafunguka. Akalinyanyua, akalipiga pasi ya mkaa, akalishona upya mpaka mabega yote mawili yakalingana. Kisha akaitundika na kurudi nyuma kuitazama, ameridhika kabisa.

"Voilà. Sasa iko blouse ya mutu muzima."

Mwenya alirudi Katuba na mvua yake, akijisikia kuwa yeye ndiye aliyefumuliwa.

Halafu likaja suala la ndoa. Libaya lilikuwa limetoka maridadi, mikono yenye mapinde, kiuno kimeshikwa, kitenge cha rangi ya chungwa kinachowaka. Kakule alikuwa amebakiza kipande, akajishonea shati.

"Samedi tunaenda na saa ngapi?" aliuliza, akiliweka shati kifuani mwake.

Précieuse alikuwa muuguzi pia, wa wodi ya watoto. Harusini kungejaa watu wa hospitali. Mwenya aliwaona waziwazi, glasi mkononi, wakimwita toka meza ya mbali: Stagiaire, kuya hapa! Mbele ya mwanamume huyu.

"Places zilishajaa," alisema bila kumtazama.

Kakule alilikunja shati polepole. "Sawa, chérie."

Wiki iliyofuata simu yake ililia mchana, Mwenya akiwa kwenye korido ya hospitali, beseni mkononi. Aliliweka chini na kupokea kwa furaha.

"Allô, mupenzi?"

"Nilikuwa ku soko ya Katuba," alisema Kakule. Sauti haikuwa na mchezo. "Nilitaka nikushitukize. Nilitafuta Kiki mwenye kuuzisha chikanda. Bamama banacheka, banasema Kiki hauzishake kitu. Bananionyesha mama yako. Ananipa kipande ya chikanda, ananiambia: 'Mutoto yangu Mwenya? Iko infirmière!' Alisema kwa nguvu, soko muzima ilisikia."

Mwenya aliegemea ukuta.

"Mwenya," Kakule alirudia lile jina, akilionja. "Iko mbele ya macho yangu kila siku, ku musumari. Na weye ulikuwa unaikala chini yake, unakula michopo."

"Kakule, unisikilize..."

"Njo juu ya ile ku mariage places zilijaa. Ba-infirmière benzako bangeuliza, huyu ni nani? Ungesema nini? Tailleur?"

"Haiko vile!"

"Basi iko namna gani?"

Hapo ndipo pa kusema. Lakini ajabu ya moyo, Mwenya aliona heri Kakule amdhanie ana majivuno kuliko ajue kwamba muuguzi aliyesifiwa soko zima alikuwa amesimama koridoni na buluu yake, beseni la mkojo miguuni. Kwenye majivuno angalau alikuwa mkubwa. Akanyamaza. Kakule alingoja, akangoja, kisha akakata. Mwenya aliliokota beseni na kwenda kulimwaga, na machozi yalimtoka njia nzima.

Ijumaa Maman Honorine alimwita ofisini. Alikuwa mama mnene, nadhifu, miwani ya fremu ya dhahabu na marashi yaliyotangulia kuingia kabla yake. Siku hiyo hakufoka. Aliongea polepole, karibu kama mzazi, na hiyo ilitisha zaidi.

"Mutoto yangu, kazi ya malade haikufae. Haiko kosa yako. Kuko bantu ya malade, na kuko bantu ya makaratasi. Ku accueil banatafuta muntu ya kuandika ma-fiche. Lundi asubuhi, kisha remise ya zamu, utaniambia ndiyo mbele ya bote, na nitakutuma kule. Utapumzika."

Kupumzika! Neno lilimwingia Mwenya tamu. Kukaa nyuma ya dirisha, kuandika kadi za wagonjwa, kutoogopa tena. Na kutoshika tena mkono wa mgonjwa maisha yake yote. "Ndiyo, Mama," alisema. Alikuwa amesema ndiyo ya kuitikia tu, lakini alijua Jumatatu atairudia mbele ya wote.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alimkuta Gaëlle, muuguzi mpya, hata mwezi hajamaliza, ameketi juu ya sanduku la glavu na macho mekundu. Mapajani mwake kulikuwa na blauzi ya buluu.

"Nilivunja ma-ampoule mbili ya dawa," alisema Gaëlle. "Maman Honorine anasema nivae hii. Lakini ni semaine moja tu, eh, Yaya?" Alimwita dada, si Stagiaire kama wengine.

Mwenya alitaka kumfariji. Alitaka kusema ndiyo, mudogo yangu, ni semaine moja tu. Maneno yakagoma kutoka. Mahali pake ikapanda hasira, safi, ya moto, ambayo kwa miaka miwili hakuwahi kuisikia kwa ajili yake mwenyewe.

"Rudisha ile kintu ku kabati," alisema. "Ma-ampoule inavunjikaka. Uko infirmière. Diplôme ni Maman Honorine njo alikupatia?"

Gaëlle alijifuta pua. Aliitazama buluu ya mapajani, kisha akaitazama ile iliyokuwa mwilini mwa Mwenya.

"Na weye, Yaya?" aliuliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini Mwenya alitoka pale bila hata kuaga, akavua, akatafuta pikipiki, akamwambia dereva: "Kamalondo. Unitembeze mbio."

Duka lilikuwa limejaa. Vyerehani vitatu vilikuwa vinanguruma, akina mama wanagombana juu ya zamu, na Kakule alikuwa ameinama juu ya kola. Alipomwona mlangoni uso wake ulifunguka kidogo, kisha akaufunga.

"Ndiyo, Madame?"

"Nilikuya kukamata blouse yangu," alisema Mwenya.

Kakule alisimama na kujikausha kama hakimu. "Jina?"

"Mwenya."

"Kazi?"

"Infirmière," alisema Mwenya. Sauti ilipasuka, kwa hiyo akairudia ili isikike vizuri. "Niko infirmière."

Kakule aliishusha blauzi. Mwenya aliivaa pale pale, juu ya gauni lake, akafunga vifungo kimoja kimoja. Haikukaa. Shingo ilivutwa upande mmoja, begani ikasimama hewa, kifungo cha juu kikakataa.

"Eh, inamukaba," alisema mama mmoja.

Ufundi ulimshinda Kakule hasira. Alisogea, akaweka kiganja juu ya bega la kushoto la Mwenya ili anyooshe kitambaa, na kiganja kikashuka mpaka kikakutana na bega lenyewe, chini kidogo ya pale lilipotarajiwa. Akaganda hivyo hivyo.

"Mungu yangu," alisema. "Mzee Mbuyi hakulala."

"Hakulala," alisema Mwenya.

"Hii bega nilipima na mikono yangu. Na blouse nilifumua mbele yako, unaniangalia tu! Juu ya nini haukuniambia?"

Na Mwenya akamwambia. Alimwambia yote, amesimama katikati ya duka na blauzi imemkaba shingo: dripu, buluu, Stagiaire, beseni, mkoba, na harusi ambayo hakutaka amwone anaitwa kwa jina lile. Miguu ya mafundi wengine iliacha kukanyaga vyerehani. Akina mama waliosahau zamu zao walikuwa wanatikisa vichwa, na mmoja alimtukana Maman Honorine kwa Kibemba, polepole, kwa ufasaha.

"Sikukuficha weye, Kakule," alimalizia. "Nilijificha miye."

"Na miye niliwaza unaniona mudogo."

"Ningekuona mudogo namna gani, mi mwenye kuvaaka buluu?"

Walitazamana. Kakule alianza kucheka, kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akageuza uso na kujifuta kwa ncha ya kitambaa cha mteja.

"Fundi, ile ni robe yangu!" mteja alilalamika.

"Mungoje, bamama! Kuko urgence ya hôpital!" Akamvua Mwenya blauzi kwa uangalifu, akaketi, akachukua wembe. Safari hii alizikata nyuzi taratibu, akilirudisha bega pale Mzee Mbuyi alipolikata. "Unaona?" alisema bila kuinua macho. "Nilisema iko kosa. Haikukuwa kosa, chérie. Ilikuwa weye."

Mwenya alikaa kwenye benchi lao, akalia vizuri, kilio cha mtu aliyefika nyumbani.

Jumatatu alisimama kwenye duara la kupokezana zamu akiwa amevaa nyeupe. Kando yake Gaëlle alikuwa na nyeupe pia. Wenzao waliwatazama, wakatazama sakafu. Maman Honorine alifungua mkutano kana kwamba hakuona kitu.

"Stagiaire, leta bassin ya kitanda ya mwisho."

Hakuna aliyesogea.

"Leo hakuna stagiaire hapa, Mama," alisema. "Kuko Mwenya, na kuko Gaëlle. Sisi bote tuko ba-infirmière."

"Nilikuambia uniletee jibu ya accueil, haiko maneno."

"Jibu ni hapana, Mama. Nilifanyaka kosa moja. Ni mi mwenyewe nilisema, juu malade asiumie tena. Sitaona haya tena juu ya ile." Akaendelea kabla ujasiri haujamkimbia. "Sasa ninatoa rapport ya malade yangu. Kitanda ya kwanza, alilala bulongo, fièvre ilishuka..."

Alitaja kitanda baada ya kitanda. Mikono ilitetemeka mwanzoni, alipofika katikati ilikuwa imetulia, naye hakukumbuka ilitulia lini. Alimaliza. Halafu muuguzi mmoja, mmoja wa wale waliokuwa wanacheka, aliondoka kwenye duara, akaenda kuchukua lile beseni mwenyewe.

Maman Honorine alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuomba msamaha, wala hakuwa mtu wa kuomba. Aligawa kazi za siku, na alipofika mwisho alisema kwa sauti kavu, "Mwenya, salle ya pili." Ikawa hivyo tu. Lakini Mwenya alipoingia chumba hicho cha wagonjwa aliwasalimu wote kwa furaha, na kila kitanda alikitajia jina lake.

Saa ya mapumziko Kakule alikuwa kwenye ua wa hospitali, karibu na lango, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, amevaa lile shati la kitenge cha chungwa la harusi aliyokosa. Tepu ilikuwa bado shingoni, ameisahau. Wauguzi walikuwa wanatoka wawili wawili kwenda kununua chakula. Mwenya alimshika mkono, akamvuta mpaka katikati yao.

"Huyu njo Kakule," aliwaambia, kwa sauti ya mama yake ya sokoni. "Iko tailleur. Iko na duka ku Kamalondo. Iko wangu."

Kakule, bingwa wa maneno, aliinamisha kichwa na kucheka tu. Gaëlle alishangilia. Ndipo marashi yakafika, na nyuma yake Maman Honorine na mkoba wake. Alisimama, akawatazama, jicho la ukaguzi likapita juu ya blauzi, pindo, kola, vifungo.

"Ni weye ulishona ile?" alimuuliza Kakule. "Bega moja iko chini."

"Ndiyo, Mama," alijibu Kakule kwa heshima. "Njo vile inapashwa kuwa."

Maman Honorine aliguna na kwenda zake. Mwenya alicheka mpaka akashikilia mkono wa Kakule asianguke, na watu waliopita walicheka naye bila kujua sababu.

"Unisikilize, infirmière yangu," Kakule alisema. "Samedi ninamuleta kaka yangu Godefroid ku Katuba, kwa mama yako."

"Kufanya nini?"

"Kukula chikanda."

Mwenya alielewa, na uso ulimchoma. Mtu hamtoi kaka yake mkubwa Golf, na suti yake na gari lake, kwenda kula chikanda tu kwa mama wa binti. "Na kama haipendake?"

"Atajifunza. Alishajifunza kuwa niko tailleur, chikanda itamushinda?" Akainamia sikio lake. "Unasema nini, Mwenya? Nimulete?"

Kengele ya kumaliza mapumziko ililia, na salle ya pili ilikuwa inamngoja. Mwenya aliiondoa ile tepu shingoni mwa Kakule, akaikunja, akaitia katika mfuko wa blauzi yake, chini ya jina lake.

"Umulete," alisema. "Na weye mwenyewe ukuye kuikamata jioni. Utanikuta hapa ku lango, na nguo yangu ku mukono."

Jioni Kakule alimkuta hapo hapo, blauzi nyeupe imekunjwa mkononi, upande wa jina ukiwa juu.